Kiganja Nilichokiruka

Krismasi ya kwanza baada ya baba kufa nilikuwa na miaka tisa, na sikutaka ifike. Nyumba yetu ya Nyanga imezungukwa na migomba, na kaburi la baba lilikuwa hatua kumi tu kutoka mlangoni. Bibi, mama yake baba, alimkataza mama hata kwenda kusalimia kwao. "Mjane anakaa na mumewe," alisema. Mama akakaa. Mimi, kusema kweli, nilipenda hivyo, maana kila saa nilijua mama yuko wapi.

Aliruhusiwa kanisani na kwenye darasa la watu wazima basi, kwa kuwa serikali ilitaka kila mtu ajue kusoma. Mwalimu wao alikuwa mpole, mwembamba, kola imepigwa pasi hata siku ya mvua. Mama akitoka darasani alikuwa anaimba jikoni. Mtoto si mjinga, bwana! Nilielewa.

Bibi naye alielewa. Siku mbili kabla ya sikukuu, tukimenya ndizi, akaniambia, "Yule mwalimu amehamishiwa kijiji cha ujamaa, kule Ngenge. Krismasi anakuja kumwomba mama yako. Mama akienda, wewe unabaki. Mtoto ni wa ukoo wa baba yake."

Kisu kilinitoka mkononi. Sikumuuliza mama, niliogopa atasema ndiyo.

Siku yenyewe tulitandaza nyasi mbichi sebuleni, na baada ya misa baba wadogo wakaja, na mwalimu akaja, bahasha ameiweka gotini. Kwetu mgeni hasemi neno kabla hajapewa akamwani, zile buni kavu za kutafuna. Usipompa, umemwambia hatakiwi. Kakikapu ka buni hizo kalikuwa mkononi mwangu. Nikaanza kwa Bibi, nikawapa baba wadogo mmoja mmoja, nikafika kwa mwalimu. Akanyoosha kiganja.

Nikamruka. Nikarudi zangu kuketi.

"Mwanangu," mama alisema taratibu, "hujampa mgeni."

"Nimemwona."

Loo, ule mdomo wangu! Mama akainuka nusu. Bibi akamwambia, "Kaa." Akakaa. Mwalimu alingoja kidogo, kiganja bado kiko wazi, halafu akasimama, akaweka bahasha miguuni pa mama. "Krismasi njema, waitu," akasema kwa neno letu la heshima, akatoka kwenye mvua iliyokuwa ikinyesha. Mama aliificha bahasha kifuani, akaenda kupakua matoke.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi hadi nikaomba nyama mara ya pili. Mwalimu hakurudi, na mama hakuimba tena jikoni.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, siku nilipoikuta bahasha ile chini ya khanga zake sandukuni. Ndani mlikuwa na barua ya uhamisho wa mwanafunzi, kutoka shule ya Nyanga kwenda shule ya Ngenge. Jina lililoandikwa ni langu, majina yote matatu, kwa mwandiko safi wa mwalimu.

Nilimpelekea mama barazani. Aliitazama, akaikunja vizuri kama ilivyokuwa.

"Alikuja kutuomba wawili," alisema. "Sikukwambia. Nilitaka nikushtukize siku ya Krismasi."

Hatua kumi mbele yetu, kaburi la baba lilikuwa palepale.