Jibu Lililobaki Temeke

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo hadi leo natamani irudi. Ilikuwa miaka ile ya tisini. Dada yangu Mwajuma aliolewa Temeke, na mimba yake ya kwanza ilipofika miezi saba akarudi nyumbani Kawe, maana kwetu binti hujifungulia uzazi wa kwanza kwa mama yake. Mie nilikuwa chuo kikuu, nabisha kila kitu.

"We msomi," akaniambia, "kesho nipitie kliniki ya Temeke, unichukulie jibu la damu. Walitupima homa ya ini."

"Ini linakuuma?"

"Haliumi."

"Sasa wanatafuta nini? Hao wanajifunzia kwenu tu."

Akacheka. "Nimekutuma jibu, unaniletea maswali! Nenda bwana."

Asubuhi ile sikwenda. Nikamwambia majibu hayajatoka, naye akaniamini, kama dada anavyomwamini mdogo wake aliyesoma.

Akajifungua mtoto wa kike, Saada, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Baada ya arobaini niliwasindikiza Temeke. Muuguzi mzee, Bibi Tatu, akafungua daftari, akamtazama mtoto. Damu ya dada ilikuwa na virusi. Mwenyewe haumwi, lakini mtoto huweza kuvipata wakati wa kuzaliwa.

"Tulimtafutia mtoto chanjo, tukawasubiri," akasema. "Ilitakiwa aipate siku ile ile aliyozaliwa."

Dada akanigeukia. "Si uliniambia hayajatoka, wewe na maswali yako?" Bibi Tatu akafunga daftari:

"Kijana, kuuliza unajua. Jibu lilikuwa hapa mezani, mbona hukulifuata?"

Saada alikutwa navyo. Akakua, akawa mbishi kunishinda, akiniita Mjomba Hoja. Kikulacho ki nguoni mwako: ini lililiwa kimya kimya, tukamzika akiwa na miaka ishirini na sita. Kila Idi alikuja kubishana nami, na hadi leo Idi ikifika natega sikio mlangoni. Nimemwekea hoja nyingi, na hakuna mwingine anayejua kunikatiza katikati ya sentensi.

Kuuliza si ujinga, mwanangu. Uliza, bisha. Ila mwili usiouma si ushahidi wa lolote. Ukibeba mimba, au mkeo akibeba, ombeni kipimo cha homa ya ini, baba naye apimwe, na jibu mlifuate wenyewe kwa miguu yenu. Mtoto akizaliwa, ulizieni chanjo yake kabla hamjaulizana jina.

Mola akujaalie watoto wa kukuzika, asikupe wa kuwazika.