Kahawa Niliyowapikia Wakwe wa Zuhura

Nayasema haya kwa kinywa changu mwenyewe kwa sababu nimechoka kuyasikia kwa vinywa vya watu, maana hapa Shinyanga kila mtu anayasimulia anavyotaka, huyu anasema nilizirai, yule eti nilikimbizwa na wakwe mpaka stesheni, uongo mtupu. Aibu niliipata, sikatai, tena aibu ya mchana kweupe mbele ya watu waliotoka kuswali alasiri, lakini basi angalau isimuliwe kama ilivyokuwa.

Mimi ni fundi cherehani, na wengi wenu kanzu mlizovaa zimepita mikononi mwangu. Binti yangu Zuhura alikuwa ameposwa na kijana wa Tinde, mtoto wa Mzee Ramadhani, yule mfanyabiashara wa ngozi na samli, na siku hiyo mzee mwenyewe alikuwa anakuja na dada yake, Bi Mwanaidi, kusikia jibu letu. Jibu lilikuwa ndiyo. Kilichobaki ni kukaa, kunywa kahawa, kusema maneno mawili matatu ya heshima, basi. Jambo jepesi kiasi hicho.

Kawaida mgeni akija anaitwa muuza kahawa apite na dele lake. Mimi nikakataa. Kahawa yake (simtaji jina, mnamjua) siku hizo ilikuwa nyepesi mpaka unaona ua lililochorwa ndani ya kikombe, nikasema wakwe zangu hawatakunywa maji ya kuoshea sufuria, nitapika mwenyewe hapa nyumbani, tena bora kuliko yake.

"Wewe hujapika hata uji," akasema mke wangu, Mama Zuhura.

"Kahawa si uji," nikamjibu, na nikaona nimejibu vizuri sana.

Sasa buni zenyewe. Jirani yetu Masanja alikuwa amerudi juzi tu kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita, alikokwenda kufanya kibarua, na kule alipatana sana na Mhaya mmoja aliyempa, siku ya kuagana, kifurushi cha buni za kwao Bukoba, kimefungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Masanja ni Msukuma wa ng'ombe na maziwa, kahawa hana habari nayo, akaniletea mimi.

"Baba Zuhura," akaniambia, "hiki kwao ni kitu cha heshima, mgeni akiingia tu anapewa. Ila wao kule hawa..."

"Masanja," nikamkatiza, "mimi nimekaa Tabora miaka sita, nimekunywa kahawa na Waarabu. Wewe ndiye wa kunifundisha kahawa?"

Akanyamaza! Mtu mzima na ndevu zake, anajua anachokijua, nimemkatiza mara moja tu na yeye akanyamaza, akaaga, akaenda zake. Angenipigia kelele basi. Angenishika kanzu.

Buni zilikuwa na maganda yake bado, kavu, nyeusinyeusi. Nikatwanga kidogo, nikapeta, nikazitia kwenye kikaango cha udongo. Moshi uliotoka haukuwa moshi wa kahawa niijuayo, ulikuwa kama mtu anachoma majani ya shambani yenye umande, na Mama Zuhura akatoka ndani amejifunika pua kwa kanga.

"Hiyo ni kahawa au dawa ya ng'ombe?"

"Ndiyo harufu ya kahawa bora. Hujaizoea tu."

Nikazitwanga tena, nikachekecha harakaharaka (hapo nako nilikosea), nikachemsha na tangawizi, nikaonja kwa ncha ya ulimi. Chungu, tena ina chumvi! Sasa niambieni, kahawa inatoka wapi na chumvi? Mtu mwenye akili angeimwaga palepale akamwita muuza kahawa. Mimi nikaongeza tangawizi. Kisha nikaongeza na kahawa yenyewe, nikidhani ubaya wake ni uchache, nikaiacha ichemke mpaka ikawa kama wino wa karani.

Wageni wakafika. Mzee Ramadhani nikamkaribisha kwenye mkeka barazani, Bi Mwanaidi akaingia ndani kwa Mama Zuhura. Tukaulizana hali, mvua, safari, nikapeleka kikombe ndani kwa Bi Mwanaidi, kisha nikammiminia mzee, nikajimiminia na mimi. Akanywa funda moja, akafumba macho.

"Kahawa hii," akasema polepole, "ina nguvu."

Nami nikafurahi! Nikamwongezea!

Ndipo tukasikia ukelele ndani, na Bi Mwanaidi akatoka mbio, kikombe kimoja mkononi, na kwenye kidole cha mkono wa pili amebandika kipande kidogo cha jani, kama la mchicha, anakionyesha.

"Kaka, tema! Tema sasa hivi! Humu mna majani! Wametutilia dawa!"

"Dada, taratibu," akasema Mzee Ramadhani, lakini kikombe akakiweka chini.

"Taratibu nini? Kahawa gani ina chumvi na majani? Wanataka kumfunga mtoto wetu, awe zuzu wa mwanamke, asimjue tena hata mama yake!"

Na msikiti mnajua ulipo, uko mkabala na nyumba yangu, na watu ndiyo kwanza walikuwa wanatoka. Wakasimama kwanza, halafu wakasogea, mmoja wao na kiatu kimoja mkononi hajavaa bado. Mimi ninayeswali safu ya mbele, mimi niliyewashonea nusu yao nguo za sikukuu, nasimamishwa mlangoni kwangu naambiwa mchawi! Damu ikanipanda.

"Dawa?" nikasema. "Haya, tazameni nyote!"

Nikanywa kikombe changu mpaka chini. Nikanywa cha Mzee Ramadhani. Nikamnyang'anya Bi Mwanaidi chake, nikanywa, kisha nikaona vikombe vinanichelewesha, nikainua birika lenyewe nikalipeleka kinywani, na mashapo yake na tangawizi yake, nikamaliza, nikafuta midomo.

"Mmeniona? Nimekufa?"

Sikuwa nimekufa. Ila tangu asubuhi sikuwa nimekula kitu kwa ajili ya kushughulika na kahawa hiyohiyo, na haikupita muda moyo ukawa unakimbia kama gurudumu la cherehani iliyokatika mkanda, jasho likanitoka, nikataka kusema "nisameheni kidogo" nirudi ndani, na badala ya maneno yakatoka matapishi. Na yakatoka wapi? Juu ya makubadhi mapya ya Mzee Ramadhani, naye ameyavaa.

Mtu huko nyuma akasema, "Imemrudia mwenyewe."

Masanja alisikia zogo akaja mbio. "Mayu wane, mama yangu! Baba Zuhura, umezipika zile?" Akaingia jikoni, akatoka na kiganja cha buni zilizobaki, akatupa mbili kinywani, akatafuna mbele ya watu wote kwa utulivu kama mbuzi. "Hizi ni za kutafuna, jamani! Wahaya wanazichemsha na majani yao ya harufu na chumvi, wanazianika, mgeni anapewa atafune. Hazikaangwi, hazinywewi. Nilitaka kumwambia, akanikatiza."

Alilazimika kuongeza hilo la mwisho?

Basi watu wakacheka. Waliotaka kuniita mchawi sasa wakanicheka, na naapa ule uchawi ulikuwa nafuu. Na muuza kahawa, akaja kutoka kusikojulikana akigonganisha vikombe vyake, akauza dele zima palepale mbele ya mlango wangu.

Mzee Ramadhani hakucheka. Alinawa miguu, akasema, "Fundi, tutazungumza siku nyingine," wakaondoka kurudi Tinde. Zuhura alikaa siku tisa hanisemeshi, chakula ananiwekea chini na kuondoka. Ilibidi Mama Zuhura aende Tinde mwenyewe pamoja na Masanja na zile buni zilizobaki, Bi Mwanaidi akazitafuna, akazipenda, akaomba nyingine! Posa ikaendelea. Lakini neno la radhi kwangu, yule mama hajanipa mpaka leo.

Siku ya harusi nikapita uani kuona mapishi yanaendaje, nyumbani kwangu, harusi ya mwanangu, na kando ya jiko la kahawa nikakuta wanawake wawili wa Tinde wamesimama na miiko.

"Samahani, baba," mmoja akaniambia kwa adabu kabisa, "tumeambiwa baba wa bibi harusi asifike hapa."

Nikageuka nikarudi kukaa na wageni. Ningefanya nini? Sitakaanga kahawa tena maishani mwangu, na mtu akiniletea kitu namwacha aseme mpaka akaukiwe na mate. Lakini nawaonya pia ninyi mnaoniita Fundi Kahawa mkidhani sisikii: sikukuu inakuja, nguo mtaleta kwangu, na suruali ikitoka mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi, msiniulize kwa nini.