Mvua ya Nyuma ya Jiko

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote za utotoni mwangu ni ya mkojo wangu mwenyewe ukianguka juu ya majani makavu ya migomba, nyuma ya jiko letu kule mtaa wa Saio, mjini Bunia. Msicheke. Nyumbani kwetu sauti hiyo ilisubiriwa kuliko kengele ya kanisa. Mama alisimama upande wa pili wa ukuta, mwiko mkononi, harufu ya sombe, majani ya muhogo, ikimfuata kutoka jikoni, akatega sikio. "Inatoka?" aliuliza. "Iko inatoka, mama." Hapo ndipo aliporudi kwenye chungu chake.

Nilizaliwa Fataki nikiwa na kingozi chembamba kilichoziba njia ya mkojo. Miaka yangu ya mwanzo mkojo ulitoka kwa matone, nikijikaza mpaka machozi yanitoke, tumbo limevimba, homa haziishi. Mama alipewa mizizi ya kuchemsha, akapewa maombi, akapewa na lawama pia, maana watu wana midomo. Vita vilipotufukuza tukaja Bunia, na huko daktari mmoja wa upasuaji akakikata kile kingozi. Siku waliyonitoa mpira wa mkojo nilikojoa mfululizo, nimesimama, nikishangaa kwamba haiumi. Mama alipiga vigelegele wodini hadi muuguzi akamkemea huku naye anacheka.

Msimu wa mvua uliofuata ulikuwa wa furaha kuliko yote niliyowahi kuishi. Nilikunywa maji kutwa nzima. Nilikunywa kabla ya uji na baada ya uji, niliomba ruhusa darasani hadi mwalimu akachoka kukataa, na kiu ilirudi kabla sijakaa. Mkojo ukatoka mwingi, mweupe, hauna hata harufu. Mdogo wangu Furaha akanipa jina la Robine, yaani bomba la maji, na mtaa mzima ukalidaka. Wala sikukasirika, niliona fahari. Mama akanipeleka kanisani na jogoo wa shukrani, akasimama mbele ya waumini akatoa ushuhuda: "Huyu mutoto alikuwa anakojoa machozi. Leo iko anakojoa mvua. Mungu amemaliza kazi yake." Ngoma zikapigwa. Mimi nikabanwa papo hapo, nikakimbilia nje, na watu wakazidi kushangilia.

Daktari alikuwa amesisitiza turudi, tena na tena, apime damu aone figo zinaendeleaje. Hatukurudi. Jirani alipomkumbusha, Mama alimkatiza: "Kurudia kufanya nini? Mbele ya kanisa nilisema amepona. Sasa wanione hospitali, watasema nilidanganya Mungu?" Na kusema kweli, ni nani angembishia? Ushahidi ulikuwa unasikika mpaka barabarani. Sisi tuliokuwa tumezoea matone, mtu angetuambiaje kwamba mkojo unaweza kuwa mwingi mno?

Kumbe mvua ile ndiyo iliyokuwa ugonjwa wenyewe. Nilielezwa hayo mwaka jana, mwanamume mzima mwenye ndevu, na daktari kijana aliyekuwa akigeuzageuza majibu ya damu yangu bila kunitazama. Mkojo uliokosa njia ulirudi nyuma ukazisonga figo zangu nikiwa bado tumboni mwa Mama, zikaumbika zikiwa tayari zimeumia. Kukata kile kingozi kulifungua njia tu, hakukuzirudisha figo. Figo zilizoumia hivyo hazijui kuyazuia maji, zinayaachia, ndiyo maana nilikuwa na kiu isiyoisha, ndiyo maana Furaha alinipita kimo nami ndiye mkubwa. Mwili ulivyozidi kukua, zenyewe zikashindwa kuubeba. Nikamuuliza, je, kama tungekuwa tunarudi? Akasema zingedumu zaidi kidogo, labda. Nilimchukia kwa ile labda yake. Hasira ninayo nyingi, na mpaka leo sijapata mtu wa kumpa.

Sasa miguu imevimba, chakula kina ladha ya chuma, na mkojo umerudi kuwa matone, kama kule Fataki. Mashine ya kusafisha damu haiko mahali ninapoweza kufika, na yule daktari alinisimulia habari za mashine hiyo harakaharaka, akahamia kwenye chumvi na maharagwe ninayopaswa kupunguza. Naogopa, sifichi. Furaha anajua. Mama hajui. Tungali tunaishi naye Saio, macho yake yamefifia lakini masikio bado ni yale yale, na kila asubuhi anavuta kiti chake karibu na bafu letu la mabati anaposikia nimeingia.

Kwa hiyo naingia na kibidoni, kidumu kidogo cha maji, nimekizungushia taulo. Mtoto niliyekuwa nyuma ya jiko alikuwa mgonjwa na hakujua, na kwa ajili hiyo alikuwa mtu mwenye furaha kuliko mimi. Namwonea wivu. "Inatoka?" Mama anauliza kutoka nje. "Iko inatoka, mama." Anacheka kidogo, anasema, "Robine yangu," kisha anatega sikio. Nami namimina maji polepole juu ya saruji, mpaka kibidoni kinaisha.