Nta ya Ipole

Nilisema mara ya kwanza kwamba nta haizibi petroli, nikachekwa. Nirudie hapa, maana hapa hakuna wa kunicheka.

Tulikuwa tumepanga chumba kimoja mtaa wa Ng'ambo: mimi, mume wangu, mtoto wetu wa mwaka mmoja na miezi minne, na pikipiki. Ndiyo, pikipiki ililala ndani. Ukiiacha uani Tabora hii, asubuhi unakuta alama ya tairi tu, na bodaboda ndiyo ilikuwa inatulisha. Kwa hiyo jioni kitanda kilisukumwa ukutani, nayo ikaegeshwa miguuni kwetu kama ng'ombe.

Mpira wa mafuta, ule unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye kabureta, ukapasuka. Siyo sana. Tone, unahesabu kumi, tone. Mume wangu akaenda Ipole kwao, ambako baba yake anafuga nyuki, akarudi na donge la nta. Kwao nta ni dawa ya kila kitu: mzinga ukipasuka, nta, mtungi ukivuja, nta, kisigino kikichanika, nta. Akaipasha moto kwa viganja, akaizungushia pale penye ufa, akapuliza kama anayemaliza kazi ya maana.

"Hiyo itayeyuka," nikamwambia. "Shuleni nguo ikidondokewa nta tulikuwa tunaitoa kwa petroli."

"Mwalimu wa kemia kaanza," akasema. "Mzee wangu anaziba na nta tangu hujazaliwa."

"Anaziba asali. Asali na petroli ni kitu kimoja?"

"Mama mtoto, pika."

Nikapika. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilipika, kwenye jiko la mkaa, mlangoni mwa chumba kilichokuwa kinanuka kama kituo cha mafuta. Siku ya tatu pua ikazoea. Blanketi la mtoto likawa linanuka, nikalifua, likanuka tena, nikaona kawaida. Mtu anaweza kuzoea chochote, na hiyo siyo sifa.

Jumapili asubuhi mume wangu alikuwa bado amelala. Nimewasha mkaa mlangoni, nimetoka uani kuchota maji ya chai. Ndoo moja tu. Narudi, mtoto amekaa chini ya pikipiki, anavuta kitu laini cha njano kwenye ule mpira, anakiviringisha kama ugali. Vidole vinang'aa petroli. Sakafu imelowa. Kisha akaniona, akafurahi, akasimama na tonge lake, akaanza kunijia. Kati yangu na yeye kulikuwa na jiko.

Sikupiga kelele. Nilishika jiko kwa mikono mitupu, nikalirusha uani likamwagikie huko. Viganja viliungua, sikusikia mpaka baadaye. Mama mwenye nyumba, mtu mzima wa hapa hapa mjini, akatoka na ushungi wake mkononi.

"Mwanangu, umeingiwa na nini?"

"Shikamoo mama. Nishikie huyu. Mnawishe na sabuni, asitie mkono mdomoni."

Akampokea mtoto. Nikafunga koki ya tangi, nikaisukuma pikipiki uani, nikaenda kwa fundi wa barabarani nikiwa na khanga moja.

"Shemeji, mwenye pikipiki yuko wapi?"

"Amelala."

"Kaziba na nini?"

"Nta."

"Ya mshumaa?"

"Ya nyuki. Ya Ipole."

Akacheka mpaka akashika benchi. "Basi petroli yenu ina asali! Ngoja nije kuifunga."

"Nipe mpira na klipu mbili. Nitafunga mwenyewe."

Nilirudi uani, nikafunga mwenyewe. Nikachomoa ule mpira wa zamani, mgumu kama mfupa upande wa kabureta, penye joto la injini. Nikakwangua nta kwa kijiti, nikafuta kwa kitambaa. Mpya nikaukata uwe mrefu kidogo, usivutwe wala usijikunje, nikauchomeka, nikabana klipu kwa koleo huku malengelenge yakipasuka viganjani. Nikafungua koki. Nikahesabu hadi mia mbili. Pakavu.

Hapo ndipo mume wangu alipotokea mlangoni, anapiga miayo. "Nani kagusa pikipiki yangu?"

Nikamchukua mtoto kwa mama mwenye nyumba, nikamwekea baba yake kile kiganja kidogo puani. Kimeoshwa mara mbili na bado. Akanusa. Akatazama mkaa uliotapakaa uani, akatazama mikono yangu.

"Sasa mlango ulikuwa wazi kwa nini?" akaniuliza.

Mama mwenye nyumba akasema, "Nyamaza, baba. Leo nyamaza."

Samahani sikuisikia siku hiyo, wala baada yake. Jioni aliingiza pikipiki kama kawaida, ila kabla ya kuiegesha alichana boksi akalitandika chini ya injini, bila kuambiwa. Jiko likahamia uani moja kwa moja, mvua ije isije.

Kulipokucha nikaenda kuangalia kabla ya wote. Kwenye boksi palikuwa na doa, dogo kama punje ya choroko. Nikapiga magoti, nikanusa. Oili ya mnyororo. Nikanusa tena, maana pua iliyokwisha kuzoea siiamini. Nikamnyanyua mtoto kitandani akiwa bado na usingizi, nikatoka naye nje.