Tovuti ya Vyumba Viwili na Picha ya Mama

Tovuti yangu ya kwanza niliitengeneza kwa siku tisa. Kuingia tena ndani yake ili niondoe picha moja tu kulinichukua karibu eda nzima ya mama yangu, na eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi.

Nyumba yetu iko Mafia, kwenye kijiji kilicho ukingoni mwa Ghuba ya Chole, hatua chache kutoka zinapofunga boti za wazamiaji. Baba alikuwa mvuvi. Alipochoka kuwaona wageni wakipita mbele ya mlango wetu kila siku kwenda kulala hotelini, akajenga vyumba viwili upande wa uani. Mama akavitandika mashuka meupe, akaweka mikeka ya ukindu na ndoo za maji safi, na tukakaa kungoja. Hakuja mtu. Wakati huo nilikuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam na cheti cha utalii, kompyuta ya mtumba, na kazi sina. Siku moja tukiwa tunakula nikatamka kwa majivuno kwamba wageni hawaji kwa sababu hatupo mtandaoni, na kwamba tovuti nitaitengeneza mimi mwenyewe.

Sikuwa najua chochote. Nilichagua kiolezo cha bure kilichokuja na picha ya mlima wenye theluji, na siku mbili za kwanza nilizimaliza nikiutafuta mlango wa kuutoa huo mlima. Picha zangu zilikuwa nzito mno. Niliziweka saa nne asubuhi, bando likaisha saa sita zikiwa bado zinazunguka. Chini ya ukurasa kulikuwa na sifa za wageni watatu wa kubuni, waliokuja na kiolezo, wakisema kifungua kinywa chetu hawajapata kukiona kwingine. Nilishindwa kuwafuta, nikawaacha waendelee kusifu. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba nikikaa dakika kumi bila kugusa kitu, ukurasa ulinitoa nje kimyakimya. Siku moja nilikwenda jikoni kugeuza wali, niliporudi maelezo yote ya vyumba yalikuwa yamepotea. Nililia kwa hasira, na mama akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha nikaandika safari ya kwenda Kua, kwenye magofu ya mji wa kale kule Juani, ambako baba angewapeleka wageni kwa mashua yake. Ukurasa ulinilazimisha nijaze saa ya kuondoka. Nikajaza saa tatu asubuhi, kila siku. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu, ananitazama.

"Na maji umeyaambia?" akauliza.

Kwetu mtu huondoka na maji yakijaa, na maji hayana saa tatu ya kila siku. Najua hilo tangu utotoni. Lakini lile tundu la kujaza saa lilinikodolea macho, na mimi nilitaka kumaliza. Nilinuna siku nzima.

Siku ya tisa nilifanya mambo matatu bila kuwaza. Tovuti ilitaka namba ya simu kwa ajili ya usalama. Mimi laini nilikuwa nazipoteza ovyo, wakati namba ya baba ilijulikana na kila mtu, kuanzia wanunuzi wa samaki mpaka imamu. Nikaandika ya baba. Halafu nikaulizwa kama wageni wakubaliwe papo hapo bila kuningoja. Nikabonyeza ndiyo, nikijiona mjanja. Mwisho ikahitajika picha ya ukurasa wa mbele. Baba akatoka na simu yake, akamkalisha mama kwenye kizingiti, amevaa kanga nyekundu, wanja machoni, asmini kichwani. Sijui alimwambia nini, ila mama alicheka meno yote yakaonekana, na hapo ndipo baba alipopiga. Chini yake nikaandika: Mama atakupokea mwenyewe mlangoni. Nilipotaka kumwonyesha, akanisukuma mkono. "Sitaki. Nitajiona nimezeeka."

Wiki ya sita tangu tovuti ifunguliwe, baba aliumwa tumbo. Siku nne tu, tukamzika. Nilikuwa na hasira na kila kitu, hata na wale wageni watatu wa kubuni waliokuwa bado wanakisifu kifungua kinywa.

Mama akaingia eda. Wanja, asmini na mafuta mazuri vikawekwa kando, akavaa nguo nyeupe isiyo na pambo, akakaa chumba cha ndani nyuma ya pazia. Mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, hakumwona tena. Kaka yangu akarithi nyavu. Simu ya baba pia aliichukua na laini yake ndani, kwa sababu wanunuzi waliijua ile namba na hakuna aliyetaka kuwapoteza. Wiki chache baadaye akaenda dago, maana yake kambi ya uvuvi ya msimu, kwenye kisiwa kidogo huko kusini ambako mtandao haushiki. Mimi tovuti nilikuwa nimeisahau kabisa.

Ijumaa moja baba mdogo akaja moja kwa moja kutoka msikitini.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Yuko ndani."

"Yuko ndani?" Akachomoa simu kwenye mfuko wa kanzu, akanigeuzia kioo. "Basi huyu ni nani? Mtu wa boti amenionyesha, mbele za watu. Shemeji yangu amekaa eda, hata mimi simwoni. Na huku anawachekea wanaume wa dunia nzima, na wanja wake machoni!"

Nilihisi uso unawaka. "Nitaitoa leo leo, baba mdogo."

"Leo," akasema, akaondoka bila kunywa maji.

Mama alikuwa amesikia yote. Nilimkuta amekaa kitandani, tasbihi mkononi, macho sakafuni.

"Nimecheka kiasi hicho?" akaniuliza.

"Umecheka, mama."

"Itoe. Usinionyeshe. Itoe tu."

Nikafungua kompyuta. Kwa kuwa nilikuwa sijaingia kwa zaidi ya mwezi, tovuti ilitaka kuhakikisha kwamba ni mimi. Ikasema imetuma tarakimu sita kwenye simu. Simu ya baba, ile iliyoko dago.

Nilidhani ni jambo la siku moja. Nikapanda bodaboda hadi Kilindoni, kwenye kibanda cha laini, kuomba laini mpya yenye namba ileile. Dada wa pale alikuwa mpole.

"Mwenye laini aje mwenyewe, aweke kidole."

"Mwenye laini tumemzika."

Akanipa pole. Kisha akanieleza kwamba nilete cheti cha kifo na karatasi za msimamizi wa mirathi, na karatasi hizo zenyewe zilikuwa bado hazijaanza kushughulikiwa. Nikawaandikia wenye tovuti, kwa Kiingereza changu chote cha chuoni: baba amefariki, mama yuko eda, naomba mnisaidie kuondoa picha moja. Wakajibu upesi, kwa ukarimu, kwamba niingize tarakimu sita walizonitumia. Nikaandika tena, nikarefusha. Jibu likawa lilelile, na kikatuni kinachotabasamu mwishoni. Ningekuwa na uwezo wa kukipiga kofi kile kikatuni ningekipiga.

Na ndipo wageni walipoanza kuja. Wiki zote baba akiwa hai hakuna aliyetutafuta, sasa tovuti ikawa inawakubali yenyewe, mmoja baada ya mwingine, nami napata barua pepe ya kunipongeza. Kila pongezi nikaijibu kwa kumwomba radhi mgeni asije. Nikawa siwezi kulala mchana, siwezi kwenda hata shambani Baleni kwa mama mkubwa, nikihofia barua itaingia sijaiona. Mama amefungwa na pazia, mimi nimefungwa na kompyuta, na baba mdogo kila Ijumaa anauliza kwa macho tu. Kuna siku nilimwonea mama wivu. Yeye siku zake zilihesabika.

Wageni wawili barua yangu haikuwafikia. Walifika asubuhi, mume na mke wa makamo, wamebeba mabegi mgongoni na karatasi waliyochapa. Mwanamke akaninyanyulia hiyo karatasi: mama na kanga yake nyekundu. Akauliza kwa furaha yuko wapi. Nilisimama katikati ya mlango, mikono imeshika miimo ya pande zote mbili, yule mwanamume mbele yangu na pazia la mama nyuma yangu, nikashindwa kusogea huku wala kule.

"Nani hao?" mama akauliza kutoka ndani.

"Wageni, mama. Wa kwenye tovuti."

"Unawaambia nini?"

"Kwamba hakuna nafasi."

"Baba yako alijenga vyumba viwili ili uje uwaambie watu hakuna nafasi?" Sauti yake ilikuwa kali, ya kwanza kali tangu mazishi. "Mwanamke apite. Mwanamume mpe chai barazani."

Nikafanya hivyo. Mwanamume akanywa chai yake ya tangawizi, anatazama kandambili za baba zilizokuwa bado mlangoni. Mke wake alikaa ndani muda mrefu. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, wala sikusikia sauti. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Nikawapeleka kwa jirani mwenye vyumba, na njiani yule mwanamke akaitazama karatasi yake, akasema taratibu, "Kwenye picha ni mtu mwingine." Hakuwa na nia mbaya, lakini nilimchukia mpaka nikafika nyumbani.

Siku chache baadaye kaka akapiga simu. Maji yalikuwa yamekupwa, naye alikuwa ametembea juu ya mwamba hadi mbali, kwenye sehemu moja ambako mtandao hushika kidogo.

"Nimesimama majini mpaka kiunoni. Sema haraka."

Nikamweleza haraka, nikabonyeza tarakimu zitumwe. Kisha akapiga kelele, "Imekuja! Andika. Nne, sifuri, saba, saba, moja…"

Simu ikakatika.

Tarakimu tano ninazo, ya sita sina. Nilikaa nikiitazama nafasi moja iliyobaki wazi. Mtu mwenye busara angengoja. Mimi nikajaribu kubahatisha: tatu, tisa, sita. Tovuti ikaniambia nimejaribu mara nyingi mno, nirudi kesho. Kesho yake kaka alikuwa ameshaingia baharini, na mimi nikabaki kama bundi, nimekodoa macho kwenye kioo kisichofunguka.

Sikumwambia mama. Aliniuliza mara moja tu, siku namletea uji. "Bado nacheka?" Nikamwambia bado. Akapokea kikombe.

Kaka alirudi alasiri moja, eda ikiwa imebakiza siku chache. Amekonda, midomo imepasuka kwa chumvi. Hata salamu sikumpa sawasawa. Nilinyoosha mkono nikataka simu. Haikuwa na chaji. Tukaichomeka ukutani, tukaitazama sote wawili ikiwaka pole pole, na yeye bado na mfuko begani.

"Njoo ufanyie huku ndani," mama akaita. "Kwenye hiyo picha si nipo mimi?"

Nikabeba kompyuta na simu ya baba, nikakaa kitandani kando yake. Kaka akabaki uani anakula. Nikabonyeza. Simu ikatetemeka, na kwenye kioo chake kilichopasuka pembeni zikatokea tarakimu sita, zote. Nikaziandika moja moja, na mlango ukafunguka kana kwamba haujawahi kufungwa. Palikuwa vilevile nilivyopaacha: saa tatu asubuhi ya kila siku, wageni watatu na sifa zao, na mama. Nikaigusa picha, nikabonyeza kufuta. Kikatokea kisanduku.

Mama alikuwa amegeuza uso ukutani. "Tayari?"

"Bado. Kinauliza kama tuna uhakika."

Akageuka. Sidhani alikusudia kutazama. Nadhani alitaka kukiona hicho kinachouliza. Lakini nyuma ya kisanduku alikuwepo yeye, kizingitini, na asmini zake. Akavuta kompyuta karibu. Nilingoja aseme kwamba amezeeka, au kwamba baba mdogo alikuwa na haki.

"Kumbe ndivyo nilivyokuwa namtazama," akasema.

"Nani, mama?"

"Baba yako. Si ndiye aliyeshika simu?"

Miezi ile yote nilikuwa nimeihesabu picha ile kuwa ya mwanamke anayewachekea watu. Sikuwahi kufikiri nani alisimama mbele yake. Nikapeleka kidole kwenye kitufe, kwa sababu nilikuwa nimeahidi, na kwa sababu nilikuwa nimechoka.

"Kiambie kisubiri," mama akasema.

Nilijua kwamba hakisubiri. Dakika kumi bila kuguswa, ukurasa utanitoa nje, na nitaanza upya kuomba tarakimu. Nikaondoa kidole. Mama akasogea nikampisha, akakaa akijitazama anavyomtazama baba, na mimi nikakaa kando yake mpaka kioo kikatutoa nje.