Dume Kwenye Ganda Jeupe

Mtaani walimwita Mama Funza, naye aliitika bila kununa. Mtu aliyesoma mpaka akaitwa daktari, kisha akarudi kuwakorogea funza uji wa pumba kila asubuhi, angelikwepaje jina hilo? Aliyemcheka kuliko wote alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyeitwa kufagia maabara mwezi mmoja tu. Mwezi huo ukazaa miaka kumi na tisa.

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Nzi jike wa matunda hutoboa tunda akataga ndani, na mkulima akivuna, anavuna funza. Dawa ni kuachia madume tasa mashambani: jike akipandwa na tasa, mayai yake ni bure. Lakini maabara huzalisha madume na majike pamoja, na nani atawatenganisha maelfu kwa maelfu? Mama Funza alihangaika na jeni zao mpaka akapata mbegu yake mwenyewe ya nzi. Funza wake wakijifungia kwenye maganda ili wageuke nzi, ganda la dume huwa la kahawia, la jike jeupe. Mashine inachagua kwa rangi, basi. Wenzake wawili walishakata tamaa wakaenda kuuza dawa za mifugo. Yeye alibaki na darubini yake na wifi mwenye mdomo.

Asubuhi ambayo wakubwa walikuwa waje kuupitisha mradi wa kuiachia mbegu hiyo mashambani, wifi alifika mapema kukagua maganda meupe ya kupimia, kila moja kwenye kichupa chake. Nzi mmoja alikuwa ameshatoka. Akamtazama kichwani, akaona vile vinywele viwili vya dume, ambavyo jike hana, vimesimama. Dume kwenye ganda jeupe maana yake jeni zimehama mahali pake; kesho majike watatoka kwenye maganda ya kahawia, wataachiwa mashambani pamoja na madume, na kazi yote imekwenda na maji. Alimpenda wifi yake, tusimsingizie. Akamfikicha yule nzi kwa kidole gumba.

Mama Funza aliingia, akapita kichupa kwa kichupa, akasimama penye ganda tupu.

"Wifi, aliyetoka humu yuko wapi?"

"Jike tu. Kaniponyoka."

"Wifi."

"Dume," alisema, macho chini. "Nimemuua. Nilitaka leo ipite salama."

Mama Funza aliketi. Hakufoka, na heri angefoka. Alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu.

"Leo ingepita," alisema. "Na mashamba ya watu je? Mficha uchi hazai, wifi."

Wageni hawajaonja hata chai, akawaambia mbegu yake imeharibika na wasitie sahihi. Kiongozi wao akataka kuuona ushahidi.

"Ushahidi umepotea, na umepotea mikononi mwangu," alijibu. Hakumtaja mtu. Wakaondoka, na mmoja wao alicheka akiwa bado mlangoni. Mimi ningetamani ardhi inimeze, lakini mama huyu alivaa koti lake akarudi kazini.

Sasa alihitaji dume mwingine kama yule, tena mzima, amzalishe na kusoma kromosomu za watoto wake aone zilikatika wapi. Bila hivyo hata pa kuanzia hakuna. Wifi akavuta kiti, na kwa siku kumi na moja akakagua maganda meupe, moja baada ya jingine, mpaka macho yakawa mekundu. Mdomo wake, ambao haukuwahi kupumzika tangu aote meno, ulipumzika.

Siku ya kumi na moja, saa sita mchana, akamwona. Vinywele viwili. Chumbani hakuna mtu, na kidole gumba ni kilekile. Alijua kumpeleka huyu ni kuthibitisha kwamba yule wa kwanza hakuwa ajali, na kuizika mbegu ile ya miaka kumi na tisa kwa mikono yake. Akaziba kichupa kwa pamba, akakishika kwa mikono miwili, akatembea ukumbi mzima taratibu kama aliyebeba mayai.

"Huyu hapa," alisema. "Mzima."

Mama Funza akakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akamgeuza nzi huku na huku, muda mrefu.

"Mzuri huyu," alisema, na uso wake wote ukafunguka. "Wifi, hebu mtazame alivyo mzuri."

Wifi alikuwa analia, haoni kitu. Mama Funza akamsogezea kiti karibu na darubini.