Ama Mwilini, Ama Kwenye Sefu

Royce Stidham aliingia dukani bila salamu, akaitupa ala ya bastola juu ya kaunta. Iliteleza mpaka ikagonga kikombe cha kahawa cha Dub.

"Takataka hii inaning'ata," alisema.

Dub ndiye mwenye duka hili la bidhaa za ngozi. Aliokoa kahawa yake kwanza, kisha akaigeuza ile ala kwa kidole kimoja. "Hii si yetu, mzee. Umeinunua kwenye mtandao. Plastiki tupu."

"Ya kwenu iko kwenye sanduku."

"Sanduku gani?"

Royce alitoka, akarudi na sanduku la kadibodi, akalimwaga. Hapa kwetu Texas karibu kila mtu anayetembea na bastola ana sanduku au droo ya namna hiyo, imejaa ala alizonunua zikamshinda. La Royce lilitoa ya kuvaa begani, iliyompa maumivu ya shingo. Likatoa ya kufunga juu ya kifundo cha mguu, aliyoiacha miguu ilipoanza kuvimba kwa sukari. Likatoa ya kuchomeka ndani ya suruali mbele ya tumbo, ambayo kila akiinama kitako cha bastola kilimchoma chini ya mbavu. Na ya kwetu ilikuwemo, niliyoishona kwa mkono wangu, aliyoivaa siku chache tu, bado inang'aa kama siku niliyomkabidhi.

"Shida si ala," Dub alisema. "Shida ni hilo tumbo. Hakuna ng'ombe mwenye ngozi ya kutosha kulizunguka."

"Na shida yako wewe ni mdomo. Ndiyo maana mkeo anakaa kwa dada yake."

Msidhani huo ulikuwa utani wa marafiki. Hawa wawili hawakupendana tangu Dub aliponunua kwenye mnada malisho ya baba yake Royce. Royce alikuja kwetu kwa sababu mafundi wengine wa ngozi wako mbali. Akampa Dub mgongo, akanigeukia mimi kwenye meza ya kushonea.

"Fundi, nimekujia wewe. Nataka ala nitakayoivaa toka naamka mpaka nalala. Nikiivua mchana, nimempoteza mjukuu wangu, Addie."

Mimi si mtu wa maneno. Nimekaa mji huu muda mrefu, na watu wamezoea kuongea mbele yangu kana kwamba mimi ni cherehani. Nilimvutia kiti, naye akaeleza.

Royce anaendesha lori la gesi, anajaza matangi kwenye nyumba za mashambani. Mkewe alishaondoka zamani. Kuna siku moja ya baridi alishuka kufungua geti la mteja, watu wawili wakatoka kwenye nyasi wakampiga kwa spana mpaka akazimia. Sikio lake la kushoto halisikii mpaka leo. Tangu hapo hakai popote bila bastola, hata jikoni kwake. Mjini hakuna aliyemshangaa, maana ukisimama kwenye foleni ya duka la vyakula, nusu ya wanaume walio mbele yako wanazo chini ya shati, na akina mama kadhaa pia.

Ila ala zake zilimuumiza. Kila akikaa, aliivua, akaiweka pale alipokaa. Jumamosi moja binti yake, Charla, alikuja na mtoto wake kama kawaida. Addie ana miaka sita, na ndiye mjukuu pekee. Charla yuko jikoni anakunywa chai ya barafu, akamwona mtoto anaingia ameishika bastola kwa mikono miwili, ikiwa ndani ya ala yake.

"Babu, umesahau kitu chako kwenye kochi."

Charla aliichukua polepole, akampeleka mtoto kwenye gari, akamfunga mkanda. Kisha akarudi ndani.

"Ama mwilini, ama kwenye sefu," alimwambia baba yake. "Hakuna mahali pa tatu. Si kwenye kochi, si juu ya friji, si kwenye kiti cha gari. Nikiikuta mahali pa tatu mara moja tu, Baba, Addie utamwona kwenye picha."

"Wewe mwenyewe ulikulia nyumba yenye bunduki kila kona."

"Ndiyo. Nilikuwa na bahati."

Hivyo ndivyo Royce alivyosimulia. Dub alidakia.

"Iweke kwenye sefu basi, mambo yaishe."

"Walionipiga hawakunipigia simu kwanza nikafungue sefu," Royce alisema, bila kumtazama.

Nilimpima kiuno, nikakata ngozi, nikamshonea ala ya kukaa nje ya suruali, nyuma kidogo ya nyonga ya kulia. Alijaribu akiwa amesimama, akasema iko sawa. Kesho yake alirudi amekasirika kuliko mwanzo. Akavua shati katikati ya duka, ubavu umechubuka, mwekundu kama nyama mbichi.

"Hii ndiyo kazi yako?"

Nilimwomba tu tutoke tuingie kwenye pikapu yake. Alikaa nyuma ya usukani, mimi kando yake, naye akafunga mkanda wa kiti. Hapo nikaona. Magari ya huku usukani uko kushoto, na kufuli ya mkanda wa dereva iko upande wake wa kulia, palepale ilipo nyonga yake na bastola yake. Kila akijifunga, kufuli inaisukuma bastola juu, na chuma kinachimba ubavu. Mtu huyu anashinda kwenye lori toka asubuhi. Alikuwa akiivua kwa sababu ya kufuli hiyo, akaiweka kwenye kiti cha pembeni, na mkono ukazoea, hata akifika nyumbani unaivua wenyewe. Nilimwonyesha kwa kidole. Aliitazama ile kufuli, akasema neno ambalo sitaliandika.

Nilianza upya. Nilichukua ngozi nene ya bega la ng'ombe, nikaipandisha ala juu zaidi na kuirudisha nyuma, mdomo wake umeinamia mbele. Nikaacha ulimi mpana wa ngozi upande wa ndani, ili chuma kisiguse mwili kabisa. Nikailoweka majini, nikaifinyanga juu ya bastola ya bandia, nikaiacha ikauke yenyewe. Nikamshonea na mkanda wa suruali wa tabaka mbili za ngozi, mgumu, usiolegea kwa uzito.

Ilikuwa bado iko mezani Charla alipoingia, amevaa sare ya zahanati anakofanya kazi mapokezi.

"Wewe ndiye unayemshonea baba yangu?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Ataweza kukaa nayo siku nzima?"

"Nadhani ataweza."

"Sitaki mambo ya nadhani. Akiivua mimi namwondoa mtoto, sitanii."

"Binti," Dub alisema kutoka kwenye kaunta, "baba yako hata ngozi aliyozaliwa nayo inambana."

"Sijakuuliza wewe, Dub. Wewe ndiye uliyemuuzia ile aliyoivua akaiacha kwenye kochi. Ulimpima? Au ulipima mfuko wake?"

Dub akajifanya anatafuta kitu chini ya kaunta. Charla aliigusa ile ala kwa ncha ya kucha, kama mtu anayegusa nyoka aliyekufa, akaondoka.

Ala ilimkaa Royce. Hakuja kushukuru, si desturi yake, ila hakuja kulalamika pia. Jumamosi Charla alimleta Addie, na hata kabla ya kusalimia alisema, "Inua shati." Royce aliinua. Jumamosi iliyofuata, vilevile. Mzee wa watu anainua shati sebuleni kwake mbele ya mjukuu kama mwizi aliyekamatwa getini, binti anatazama, anaitikia kwa kichwa, ndipo anakaa. Hawakuongea zaidi ya hapo. Royce aliniambia kwamba angekuwa mtu mwingine angemfukuza.

Kilichofuata nilikisikia kwa Royce, kisha kwa Charla, aliyekuja dukani kunilaumu kwamba nimeishona vizuri kupita kiasi.

Shule ya Addie huwaalika mababu na mabibi siku moja kwa mwaka kula chakula cha mchana na wajukuu. Royce alinyoa ndevu, akapiga pasi shati. Alifika, akapanga foleni. Mlangoni pana bango linalokataza silaha, la siku zote, hakuna anayelisoma. Zamu yake ilipokaribia alipeleka mkono nyuma kutoa pochi yenye kitambulisho, na kiwiko kikagonga bastola. Alikuwa amesahau kabisa kama ameivaa. Kupitia kioo cha mlango alimwona Addie amesimama na wenzake, anampungia mkono.

Royce aligeuka, akarudi kwenye pikapu karibu anakimbia. Kwenda nyumbani kwenye sefu na kurudi, chakula kingekuwa kimeisha. Kuingia nayo, angelala jela. Akampigia simu Charla.

"Niko shuleni. Ninayo."

"Una nini?"

"Ninayo. Nilisahau kwamba nimeivaa."

Charla alisema, "Ifiche chini ya kiti, funga milango, ingia. Kila mtu anafanya hivyo."

"Kwenye gari?"

Upande wa pili simu ya mapokezi ililia, hakuna aliyeipokea.

"Ulisema hakuna mahali pa tatu," Royce alisema.

"Baba, usinifanyie hivyo sasa hivi."

"Sikufanyii kitu. Nikiiacha humu, Jumamosi utasema nimevunja. Sema kwa mdomo wako kwamba niiache, nitaiacha."

Charla alikata simu. Zahanati iko ng'ambo ya barabara, na baada ya muda Royce alimwona anavuka na sare yake, hatazami magari, anapigiwa honi. Alifungua mlango wa pikapu.

"Shuka."

Royce alishuka, akaifungua ala kutoka kwenye mkanda na bastola ikiwa ndani yake. Charla alikaa nyuma ya usukani, akamwonyesha kiti cha pembeni aiweke hapo.

"Hapo ni kwenye kiti," Royce alisema.

Charla alimtazama kwa namna ambayo Royce aliamini atapigwa kofi. Kisha akanyoosha mikono, akaipokea.

"Nenda ukale."

Alikula piza ya mraba na mahindi ya kopo, amekaa kwenye kiti ambacho magoti yake yalifika kifuani. Addie alimuuliza kwa nini alikimbia.

"Nilikwenda kumwita mama yako."

"Yuko wapi?"

"Kwenye gari. Ana kazi."

Addie alimpa maziwa yake ya boksi, kwa kuwa hayapendi, na Royce akayanywa, ingawa yeye pia hayapendi. Walimaliza, wakapigwa picha, kengele ikalia.

Alipotoka alimkuta Charla hajasogea. Madirisha yalikuwa yamefungwa, jasho limemlowesha mgongo, vidole vimekuwa vyeupe juu ya ngozi ya ile ala.

"Hujui ninavyokichukia kitu hiki," alisema.

"Najua."

"Hujui."

Alimrudishia, akasubiri mpaka alipomwona ameivaa na kukaza mkanda. Ndipo akashuka.

"Jumamosi nitamleta," alisema.

"Saa ngapi?"

"Nitakapofika. Na utainua shati."

"Nitainua."

Charla akavuka barabara kurudi kazini, bila kuaga.